Wameniuliza kama nesi alinielewesha

Juzi nimepokea bahasha kutoka hospitali niliyolazwa mwezi uliopita huku Marekani. Nikajua ni bili. Nafungua nakuta maswali. Manesi walikusikiliza kwa makini? Walikueleza mambo kwa namna unayoelewa? Ulipopewa dawa ambayo hujawahi kuitumia, kuna mtu alikwambia ni ya nini? Unachagua: hakuna hata mara moja, mara chache, mara nyingi, kila mara. Hilo la dawa lilinitoa machozi, nilimkumbuka mama.

Mama alilazwa hospitali kule kwetu nyumbani siku tisa, akaruhusiwa na mfuko wa dawa aina nne. Nampigia simu namuuliza hizo dawa za nini, hajui. Ya presha ipi, hajui. Kwa nini hukuuliza mama? Akanijibu, mwanangu, utamuulizaje daktari, si ataona unamjaribu.

Najua mshaanza. Huyu kafika ulaya juzi tu tayari anatusema. Sikilizeni basi, mimi siwaambii huku ni peponi, bili za huku zinafilisi watu na mwaka 1999 wataalamu wao wenyewe walitoa ripoti kwamba makosa ya hospitalini yanaua Wamarekani kati ya 44,000 na 98,000 kila mwaka. Hayo wameyasema wao. Ninachowaonea wivu si mashine zao, ni kwamba walihesabu makosa yao wakayatangaza, na ile karatasi ya maswali wala si hisani ya hospitali. Ni sera. Tangu 2008 majibu ya wagonjwa yanatangazwa hadharani, hospitali moja moja, na kuanzia 2012 sehemu ya malipo ambayo hospitali inapata kutoka Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, inategemea na wagonjwa wamesema nini. Yaani nesi akimkaripia bibi wa watu, kuna mahali inaonekana kwenye hela.

Na msiniambie hayo ni mambo ya wazungu. Mtu aliyewafundisha kupima huduma alikuwa mhamiaji kama mimi, Avedis Donabedian, daktari aliyezaliwa Beirut mwaka 1919, akaja kuwa profesa kule Michigan. Mwaka 1966 aliandika kwamba ukitaka kujua ubora wa huduma uangalie vitu vitatu: kilichopo, yaani majengo, vifaa na watu, kinachofanyika kwa mgonjwa, na mgonjwa anaishiaje. Sasa jiulizeni sisi tunaangalia nini. Cha kwanza tu! Jengo limekamilika, utepe umekatwa, vitanda vimeletwa, picha zimepigwa, tumemaliza. Aliyelazwa kwenye hicho kitanda kafanyiwa nini na alipotoka alikuwa mzima au la, nani ana hiyo hesabu? Inaniuma sana hii, kwa sababu hela zinatumika kweli na watu wanaendelea kufa wakiwa ndani ya jengo jipya.

Na si mimi ninayesema. Mwaka 2018 tume ya watafiti iliyoongozwa na profesa Margaret Kruk, chini ya jarida la Lancet Global Health, ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati huduma mbovu inaua watu kama milioni 5 kwa mwaka. Hao ni waliofika hospitali. Wanaokufa kwa kukosa kabisa huduma walikuwa kama milioni 3.6. Someni tena hapo, maana sera zetu zote zimejengwa juu ya kumfikisha mgonjwa mlangoni.

Kuna atakayesema wewe unaongelea kuulizana maswali wakati glavu hakuna. Nakubali, glavu ziletwe, dawa ziletwe, manesi waongezwe maana mmoja hawezi kubeba wodi nzima na sitamlaumu akichoka. Lakini kuuliza nako kunaokoa. Ile orodha ya ukaguzi ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya chumba cha upasuaji, kabla ya dawa ya usingizi kitu cha kwanza ni mgonjwa mwenyewe athibitishe jina lake na anafanyiwa nini, sehemu gani. Waliijaribu kwenye miji minane, London, Seattle, Toronto, na Ifakara pia, Tanzania ile ile ya kwetu Afrika, na matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Nilipoona Ifakara imekaa kwenye orodha moja na London nilijisikia fahari mpaka nikampigia simu rafiki yangu usiku. Kwa hiyo tunaweza, tena tumeshafanya, ndiyo maana nakasirika nikiambiwa kwetu haiwezekani.

Jana nimempigia mama nikamsomea yale maswali kwa Kiswahili, moja moja. Kwanza alishangaa, kwani hayo mgonjwa anaulizwa? Halafu akajibu yote kwa utulivu kabisa. La dawa akasema andika hakuna hata mara moja. Kimya kidogo, kisha akasema, ila yule nesi wa zamu ya usiku, mwembamba yule, mwandikie kila mara, alikuwa anakaa kitandani kwangu ananisikiliza.