Dubwi haliibi, na hapo ndipo penye hasara

Mwezi unapokuwa mpevu, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi ya Kibirizi hulala mchangani. Vijana ambao wiki mbili zilizotangulia walikuwa wakikesha ziwani hubaki na fedha za mgao mfukoni na usiku mrefu mbele yao. Usiku mmoja wa namna hiyo nilimkuta mmoja wao amesimama mbele ya dubwi, ile mashine ya kamari inayomeza sarafu za shilingi 200, akiwa amepanga sarafu zake juu ya kioo kwa mafungu ya kumi kumi. “Hili limeshiba, mzee,” aliniambia bila kugeuka. “Wamelichezea lisitoe, lakini leo litatema.”

Katika sentensi hiyo kuna madai mawili: kwamba mashine imechezewa ili imuibie, na kwamba ina deni litakalolipwa kwa mwenye kuvumilia. Kwa Kigoma yote, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, dai la kwanza husemwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Upande wa dini nauacha, kwa sababu hukumu yake inajulikana na haitegemei kama mchezo ni wa haki au la. Ninachotaka kukitetea ni kauli isiyopendwa, kwamba mchezo wa kamari unaoendeshwa kwa kibali hauna haja ya kumwibia mchezaji, na kwamba anayeamini anaibiwa hupoteza zaidi kuliko anayejua haibiwi.

Tuanze na ruleti, mchezo wa kubashiri mpira utatua kwenye namba ipi ya gurudumu linalozungushwa, kwa kuwa hesabu yake iko wazi mezani. Gurudumu la Ulaya lina nafasi 37, yaani namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri moja. Ukipatia namba, unalipwa mara 35 ya ulichoweka na dau lako linarudi. Sasa weka shilingi 1,000 juu ya kila namba, sifuri ikiwemo. Umetoa 37,000, na mpira utue popote, utapokea 36,000. Hakuna sumaku chini ya meza wala mkono uliogusa kitu. Shilingi 1,000 iliyobaki kwa mwenye kasino ni bei ya kucheza, na inatokana na tofauti kati ya 37 zilizo kwenye gurudumu na 36 zinazolipwa. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, kwa hiyo bei hiyo hupanda kutoka takriban asilimia 2.7 hadi 5.3. Mfanyabiashara mwenye uhakika wa faida hiyo kila siku angekuwa mjinga kuhatarisha kibali chake kwa kuupinda mpira.

Kwenye mashine bei huwa kubwa zaidi, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu, maana ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Tuchukue, kwa mfano tu, mashine inayorudisha shilingi 90 katika kila 100. Mtu husikia asilimia 90 akadhani kwamba akiingia na 10,000 atatoka na 9,000, na kwamba akitoka mikono mitupu ameibiwa. Lakini nani hutoka na hiyo 9,000? Huirudisha mashineni. Ikizunguka yote mara ya pili, kwa wastani inabaki 8,100. Mara ya tatu, 7,290. Mara ya saba, 4,783. Kwa sarafu za 200, mara zote saba kwa pamoja ni michezo 261 hivi, na kwa michezo sita kwa dakika haifiki dakika 45. Katika muda huo mchezaji aliyeleta 10,000 amekwisha kuweka madau ya zaidi ya 52,000. Ameshinda mara nyingi, amesikia sarafu zikimwagika, na kila ushindi ulikuwa wa kweli. Ndiyo maana anapoliwa haamini. Anakumbuka kwamba alikuwa anapata, kisha ghafla mashine “ikabadilishwa”. Haikubadilishwa, asilimia 10 ileile ilikatwa juu ya fedha ileile, tena na tena.

Na hapo ndipo imani ya wizi inapokuwa ghali. Anayejua kwamba analipa bei anaweza kuamua imetosha. Anayeamini kuna mtu nyuma ya mashine hutafuta saa ambayo mtu huyo amelala, au hungoja dubwi lishibe. Mwaka 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walipoteza fedha nyingi wakiishindilia nyekundu, kwa sababu walihisi inadaiwa. Gurudumu halina kumbukumbu ya lililopita, na dubwi la Kibirizi halikuwa na deni kwa yule kijana.

Upande wa pili una hoja, na iliyo nzito kwangu ni hii: mpira wa ruleti unaonekana, programu haionekani. Tangu hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mvumbuzi Inge Telnaes ya mwaka 1984, inajulikana kwamba picha zinazoonekana mashineni si lazima ziwe na nafasi sawa za kutokea, kwani kompyuta inaweza kuipa moja nafasi nyingi na nyingine chache mno. Duara la matunda na kengele halikuonyeshi uwezekano wako kama gurudumu linavyouonyesha. Udanganyifu wenyewe pia umewahi kutokea: Ronald Dale Harris, aliyekuwa akikagua programu za mashine katika bodi ya kamari ya jimbo la Nevada, Marekani, alizichezea na akakamatwa mwaka 1995. Ila alizichezea ili zitoe fedha za kasino kwa ajili yake. Kuhusu mashine isiyo na kibali iliyofichwa nyuma ya duka sina utetezi. Hiyo inaweza kufanya lolote, na ni kazi ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kuiondoa.

Kwa hiyo lalamiko la haki, kwa maoni yangu, ni la bei iliyofichwa. Nevada inazitaka mashine zirudishe walau asilimia 75, na Uingereza inataka kiwango cha marejesho kionyeshwe kwa mchezaji. Mashine niliyoiona Kibirizi ilikuwa na picha ya tikiti, kengele na taa za kutosha, lakini haikuwa na namba hata moja ya kumwambia mtu anakatwa kiasi gani. Kuna wanaosema kibandiko cha namna hiyo hakingesomwa. Yule kijana alinieleza, huku akitumbukiza sarafu, jinsi mgao wa usiku unavyokatwa: kwanza mafuta, kisha fungu la mwenye mtumbwi, kisha kinachobaki kwa idadi ya vichwa. Aliyapiga yote kichwani, bila kukosea hata shilingi.