Flashi isomwe, isiandikwe: zuio linaloziba upande mmoja

Mfanyakazi anachomeka flashi, faili alizokuja nazo zinafunguka vizuri. Akitaka kunakili moja ya ofisini, kompyuta inagoma: diski imezuiwa kuandikwa. Kwa fundi, kuweka zuio hilo ni kazi ya dakika mbili. Tangu Windows XP ilipopata Service Pack 2 mwaka 2004, kinachohitajika ni kuweka thamani iitwayo WriteProtect kuwa 1 kwenye rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows.

Wanaotetea zuio hili wana hoja nzito. Mwaka 2017, flashi yenye faili zaidi ya 1,000 za Uwanja wa Ndege wa Heathrow iliokotwa na mpita njia jijini London. Haikuwa na nywila wala haikusimbwa, yaani faili zake hazikugeuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo. Mwaka uliofuata uwanja ukatozwa faini ya pauni 120,000. Kompyuta zilizotoa faili zile zingefungwa mapema, kilichookotwa kingekuwa kipande cha plastiki tu.

Lakini hapo umefunga mlango wa kutokea, wa kuingilia bado uko wazi. Agent.btz, programu hasidi iliyolisumbua jeshi la Marekani mwaka 2008, iliingia kwa flashi. Programu ya namna hiyo haihitaji flashi iandikwe ndipo iingie, kusomwa kunaitosha. Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikapiga marufuku flashi zenyewe. Kwa hiyo bosi akiambiwa “tumefunga USB”, aulize ni upande gani. Na simu je? Ikiunganishwa kwa waya, kwa kawaida Windows haiihesabu kuwa diski. Ina kipengele chake katika sera za mfumo, nacho husahaulika kirahisi.

Wapinzani nao hawalalamiki bure. Mtu mwenye ripoti ya kurasa 80 inayotakiwa kwa mchapaji asubuhi hatakaa kusubiri kibali. Atajitumia kwa barua pepe yake binafsi, au ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Flashi angalau ungeweza kuidai mkononi mwake.

Mimi naegemea njia ambayo Windows inayo tangu toleo la 7: kompyuta iandike kwenye flashi iliyosimbwa kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, pekee, nyingine zisomwe tu. Hiyo nayo ina adha zake. Nywila husahaulika, na mchapaji asiyetumia Windows huenda asiweze kuifungua. Basi ofisi iweke njia rasmi ya kutuma faili kubwa kabla fundi hajagusa rejista.