"Si" imekaa wapi?

Jana usiku mpwa wangu aliniletea daftari lake la Kiingereza nimsaidie kazi ya nyumbani. Kabla ya kuanza nikafunua ukurasa wa nyuma. Zoezi lilikuwa la vitenzi visaidizi kama "must", "can" na "may", wakati uliopo: andika sentensi upya kwa kutumia kibadala, yaani maneno mengine yenye maana ileile. Sentensi ya sita: "You mustn't take this medicine." Chini yake, kwa mwandiko wake wa taratibu, ameandika: "You don't have to take this medicine." Pembeni, tiki nyekundu.

"Mjomba, mbona umenyamaza?"

Nilinyamaza kwa sababu sentensi ya kwanza inamkataza mgonjwa kuinywa dawa hiyo, na ya pili inamwambia ni hiari yake. Aliyeambiwa ya pili anaweza kuinywa, na hatakuwa amekosea.

Sikumlaumu mtoto. Alifundishwa kwamba kibadala cha "must" ni "have to", nukta. Katika sentensi yakinishi unaweza kuponea hapo: "I must go" na "I have to go" zote ni lazima niende, ingawa "must" mara nyingi hubeba msukumo wa msemaji mwenyewe na "have to" hubeba kanuni iliyotoka nje yake. Ukitia ukanushi tu, wawili hawa wanaachana njia. Katika "mustn't" ulazima umebaki palepale, kinachokanushwa ni tendo. Katika "don't have to" ulazima wenyewe ndio umeondolewa.

Nikachukua penseli, nikamwandikia:

Lazima usiinywe.
Si lazima uinywe.

Najua kwa kawaida tungesema "usiinywe" tu, ikatosha. Lakini nilitaka aone. Nikapigia mstari "si" zote mbili. Kidole chake kikatoka kwenye moja kikaenda kwenye nyingine, kikarudi. "Kumbe ni 'si' ileile, imehama," akasema. Kisha: "Kwa hiyo 'don't have to' ni 'si lazima'."

Haikuchukua hata dakika mbili! Tofauti hiyo alikuwa nayo tangu hajajua kusoma. Hakuna mtoto anayezungumza Kiswahili anayechanganya "si lazima uje" na "usije". Ndicho kinachoniuma. Tunamfungia mtoto lugha yake nje ya somo la Kiingereza kana kwamba itamchafulia, halafu tunamwacha akariri orodha ya jozi, wakati lugha hiyohiyo inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko Kiingereza chenyewe. Tazama "He may not come": inaweza kuwa hana ruhusa ya kuja, inaweza kuwa huenda asije. Kiswahili hakikuachi njia panda namna hiyo, na kibadala "He isn't allowed to come" nacho kinabaki na maana moja tu, ya ruhusa.

Kuhusu "can" na "be able to" sina ugomvi mkubwa. Katika wakati uliopo "can" inatosha mara nyingi; kibadala chake kinahitajika hasa pale "can" isipoweza kukaa, kama baada ya "will".

Na mazoezi ya kurudia-rudia yana kazi yake, hilo nalikubali. "She must" lakini "she has to", "must she go?" lakini "does she have to go?", na lile kosa la "must to go" linalotuponyoka hata sisi watu wazima. Mdomo hauzoei hayo kwa maelezo, unazoea kwa kuyasema. Ila kila sentensi ya mazoezi hayo iwe na msemaji na jambo analolizungumzia. Sentensi iliyosimama peke yake haiwezi kumwonya mtoto kwamba amegeuza katazo kuwa hiari.

Mpwa wangu alikata jibu lake kwa mstari mmoja akaandika juu yake: "You aren't allowed to take this medicine." Akaniuliza afanyeje na tiki. Nikamwambia aiache, nitakwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu wake.