Wapasue Wao, Tuchapwe Sisi

Tangu shule ya msingi tunachapwa kwa kusahau s mwishoni mwa kitenzi cha Kiingereza. Watu wazima, wenye familia zao, wanatokwa jasho ofisini wakichagua kati ya in, on na at. Halafu wenye lugha yao, huko kwao, wanalishika neno zima kama absolutely, ambalo halijamkosea mtu, wanalipasua katikati na kulipachika tusi: abso-bloody-lutely. Hachapwi mtu. Watu wanacheka na kuagiza bia nyingine.

Ungekuwa uhuni mtupu tungesamehe. Kinachoudhi ni kwamba uhuni huu una kanuni, tena kali kuliko za mtihani, na hakuna mwalimu aliyewahi kuiandika ubaoni. Thubutu kusema absolute-bloody-ly, au ab-bloody-solutely, uone macho yatakavyokugeukia. Waulize kosa liko wapi: hawajui. "Haisikiki vizuri," basi. Mpaka mwanaisimu John McCarthy akaandika makala katika jarida la Language mwaka 1982 kueleza jambo ambalo walevi wa London wanalifanya bila hata kuweka glasi chini.

Haya, tupige hesabu, maana hakuna atakayetupigia. Kwanza tafuta silabi yenye mkazo mkuu. Katika fantastic ni tas. Katika absolutely ni lu. Tusi linakaa hapohapo mbele ya silabi hiyo: fan-bloody-tastic. Pili, kagua kilichobaki upande wa kushoto. Kinatakiwa kiwe na uzito wa kujisimamia: silabi moja nzito iliyofungwa na konsonanti, kama fan, au kuanzia silabi mbili, kama abso. Banana inakataa kwa sababu ile ba ya mwanzo Mwingereza anaimeza, haibaki kitu cha kusimamia. Table, house na mother ndiyo kabisa, mkazo uko mwanzoni na hakuna pa kupenya, hivyo tusi litangulie mbele likae peke yake. Kenya imesalimika kwa sababu hiyohiyo. Sisi wa Tanzania hatukupona: Tanza-bloody-nia inakubali vizuri sana, na mtalii aliyeumia magoti akishuka mlima anaweza kusema Kiliman-bloody-jaro na kanuni ikamuunga mkono.

Tatu, tusi lenyewe halichukuliwi lolote tu. Yanayokaa vizuri yana silabi mbili na mkazo kwenye ya kwanza: bloody, blooming, goddamn la Wamarekani, na lile la herufi F ambalo halitaandikwa hapa kwa sababu wakwe wanasoma. Blooming ndilo la kistaarabu; ndiyo maana muuza maua wa mchezo wa nyimbo My Fair Lady, Broadway 1956, aliimba abso-bloomin'-lutely. Bloody lilikuwa limeshazua zogo London mwaka 1914 lilipotamkwa jukwaani katika tamthilia ya Pygmalion. Leo linapita baa bila kugeuza kichwa cha mtu, ila usilipeleke kwenye usaili wa kazi.

Sasa njoo kwenye balaa letu. Mkazo wa Kiswahili umezoea kukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio letu linabeba mazoea hayo mpaka kwenye Kiingereza. Kwenye fantastic, absolutely na Minnesota tunapatia, maana mkazo wao umeangukia palepale tulipozoea, na mtu anaanza kujiona amezaliwa Manchester. Anahamia university anasema univer-bloody-sity. Tobaa! Mkazo uko kwenye ver, kwa hiyo ni uni-bloody-versity. Kangaroo mkazo uko mwishoni kabisa: kanga-bloody-roo. Kalamazoo, mji wa Michigan, vilevile: Kalama-bloody-zoo. Dawa ni kulisema neno polepole huku unagonga meza na kusikiliza pigo zito limeangukia wapi. Usihesabu kutoka mwisho.

Na usidhani ukishika hilo umemaliza. Unbelievable kanuni inataka unbe-bloody-lievable, na wapo wanaosema hivyo, lakini wengine wanasema un-bloody-believable kwa sababu un ni kiambishi, na mshono wake unaonekana. Zote mbili zinakubaliwa! Mitihani yetu ingekuwa na huruma hiyo, nani angefeli? Waaustralia nao wana mji unaoitwa Tumbarumba, New South Wales, wakaufanya Tumba-bloody-rumba, na siku hizi mchezo wenyewe wanauita tumbarumba.

Wamarekani hawakuridhika na matusi. Homer Simpson wa katuni ametuletea ma, nayo haifuati masharti ya bloody hata kidogo. Hii unahesabu silabi mbili kutoka mbele, ndipo unapachika: edu-ma-cation, saxo-ma-phone, tele-ma-phone. Neno likiwa fupi, kama tuba, ma inakosa cha kuifuata, basi wanarudia mkia: tuba-ma-ba. Mwanaisimu Alan Yu ameandika kitabu kizima kuhusu upachikaji, kikatoka 2007, na Homer yumo. Kazi ya ma ni kumfanya msemaji aonekane anajitia usomi na usomi umemkataa. Sisi tunafika hapo bila msaada wa ma.

Vijana wa hip-hop wanatumia iz. Frankie Smith wa Philadelphia aliitangaza sana mwaka 1981 kwa wimbo wa Double Dutch Bus. Hapa unaziacha konsonanti zote za silabi yenye mkazo zitangulie, kisha iz inaingia kabla ya irabu: house inakuwa hizouse, please inakuwa plizease, behave inakuwa behizave. Ukiandika pizlease umeshajulikana ni mgeni. Wala usiichanganye na ile izzle ya Snoop Dogg, ambayo inakata mkia wa neno na kukaa mahali pake: sure, shizzle.

Kinachokera zaidi ni kwamba sisi tunapachika kutwa nzima, nimekuambia, nilimwambia, ku na mw zikiwa katikati zinafanya kazi halali, na hakuna anayeona ni kichekesho. Wanasema Kiswahili kina viambishi vingi mno, kinachosha.

Halafu anakuja mtu yuleyule, kavaa tai, yuko kwenye mkutano wa bajeti, anasema mambo haya ni a whole nother issue. Ameikata another, akachomeka whole, n akaiachia upande wa kulia. Nother ndiyo nini? Haisimami peke yake, haina wingi, hujaisikia popote pengine. Liandike kwenye karatasi ya kidato cha nne uone kalamu nyekundu itakavyokushukia.