Alama moja ya kutoa
Hivi jamani, nani aliamua aljebra ya mstari ifundishwe kwa kuchosha vidole? Unapewa matriksi, yaani jedwali la namba, ya nne kwa nne, unapunguza mstari baada ya mstari kwa mkono, sehemu zinazaliana, 7/13, mara 22/39, kumbe mstari wa pili ulisahau alama ya kutoa. Basi! Kurasa tatu zimekwenda na maji. Determinanti, ile namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriksi, ikiwa ya tano kwa tano ukiifungua yote ina vipande 120. Mia na ishirini! Kompyuta inaimaliza hujapepesa jicho. Lakini matriksi inaivuta vipi vekta, ule mshale wenye urefu na mwelekeo, inaizungusha vipi? Hilo, ambalo ndilo tamu lenyewe, mhadhiri kalipitia dakika tano, akafuta ubao sisi wa nyuma bado tunanakili. Mwaka wa kwanza wenzangu, mnalala kweli?