Ligi ya Marekani na shabiki wa mara mojamoja

Msimu wa 2024 Inter Miami walimaliza ligi kuu ya Marekani, MLS, wakiwa na pointi 74. Hakuna timu iliyowahi kufikisha pointi hizo katika ligi hiyo. Atlanta United waliambulia pointi 40 na kupenya kwenye mtoano kwa tundu la sindano. Kwingine kwingi duniani hesabu ingefungwa hapo: Miami bingwa, Atlanta wakajipange. Marekani mambo ni mengine. Pointi 74 ziliwapa Lionel Messi na wenzake ngao ya kuongoza msimamo na nafasi ya kuanzia mtoano nyumbani, basi. Raundi ya kwanza wakakutana na Atlanta haohao, wakashinda mechi moja, wakapoteza mbili, wakaenda likizo Novemba. Kombe wakabeba LA Galaxy.

Shabiki lialia aliyefuatilia mechi zote 34 za Miami ana haki ya kuona ameibiwa. Lakini aliyewasha runinga mwishoni mwa Oktoba, hajui hata kocha ni nani, alipata kwa wiki chache utamu ambao mwenzake wa Ulaya huungoja miezi tisa na pengine asiuone. Huyo wa pili ndiye ninayetaka kumzungumzia: mtu anayetazama mechi nne au tano kwa mwaka, anayemjua Messi na Son Heung-min wa Korea Kusini, lakini hawezi kukutajia beki wa kulia wa timu ya mji wake. Huwa tunamcheka. Naona tunamwonea. MLS imekatwa kwa kipimo chake, na mengi yanayolaumiwa katika ligi ile ndiyo yanayomfaa. Walipomkosea ni mlangoni, na huko nitafika.

Mwanzo walimdharau. Ili wapewe Kombe la Dunia la 1994, Wamarekani waliiahidi FIFA kuanzisha ligi ya daraja la kwanza, kwa sababu ile ya zamani, NASL, iliyomleta Pelé New York mwaka 1975, ilikuwa imekufa tangu 1984. MLS ikaanza 1996 na timu 10, na waendeshaji wake wakiamini kwamba Mmarekani wa kawaida hatauvumilia mpira kama ulivyo. Saa ya uwanjani ikawa inahesabu kurudi nyuma hadi sifuri, kama kwenye kikapu. Sare zikapigwa marufuku: dakika 90 zikiisha bila mshindi, mchezaji anaanza na mpira takriban mita 32 kutoka golini, ana sekunde tano za kumkabili kipa. Waliojua mpira waliona vituko, na wasioujua hawakuja. Vituko hivyo vilifutwa baada ya msimu wa 1999, na mwanzoni mwa 2002 klabu mbili za Florida, Tampa Bay Mutiny na Miami Fusion, zikafungwa kabisa. Kumbe mtu wa mara mojamoja hataki mchezo uliochakachuliwa. Anautaka uleule wa kweli, ila usimdai kila wikiendi.

Kilichobaki baada ya vituko ni mfumo. Hakuna kushuka daraja. Timu 18 kati ya 30 huingia kwenye mtoano. Mishahara ina ukomo, isipokuwa kwa mastaa wasiozidi watatu katika kila timu, utaratibu ulioanza 2007 alipowasili David Beckham. Kanuni za fedha zilizoongezwa juu ya hapo ni pori. Hata waandishi wa huko hupotea humo, na shabiki wetu hana sababu ya kuingia.

Matunda ya mfumo huo yanaonekana kwenye orodha ya mabingwa. Kuanzia 2016 hadi 2025 kombe limechukuliwa na klabu nane tofauti, na tangu Galaxy walipofanya hivyo 2012 hakuna aliyelitetea. Linganisha na Tanzania Bara: tangu Azam walipobeba ubingwa wa 2013/14, Simba na Yanga wamepokezana wenyewe kwa wenyewe mpaka msimu wa 2024/25. Mtu akiiacha MLS miaka mitatu kisha akarudi, hajachelewa. Timu aliyoiacha mkiani huenda ndiyo inayocheza fainali. Kwa mwenye kazi mbili na watoto wa kupeleka shule, huo ni unafuu mkubwa.

Gharama yake ipo, na wanaolalamika hawasemi uongo. Katika mfumo wa namna hii mechi ya Juni kati ya timu ya tisa na ya kumi na mbili inakuwa nyepesi mno. Ukifungwa leo, kuna Septemba. Ule woga wa kushuka daraja, unaowafanya watu wa mji mdogo wa Uingereza wakeshe na redio mwezi Mei, Marekani hawaujui. Tusidanganyane pia kuhusu chanzo. Mlango wa chini haukufungwa kwa kumhurumia shabiki. San Diego FC, timu ya 30, iliyoingia 2025, ililipa dola milioni 500 ili ikubaliwe. Mwenye kutoa fedha hizo hataki kusikia habari za daraja la pili. Unafuu anaoupata shabiki wa mara mojamoja ni makombo ya meza ya matajiri, ingawa makombo haya yana ladha. Machi 2025 wamiliki wa klabu za USL, ligi zilizo chini ya MLS, walipiga kura ya kuanzisha kupanda na kushuka daraja kati yao. Tutaona kama mtazamaji wa mechi tano kwa mwaka atavutwa na hilo. Mimi nina shaka. Woga wa kushuka daraja humshika aliyekwisha kuipenda timu.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya shabiki wa juujuu inatoka Ohio. Oktoba 2017 mmiliki wa Columbus Crew, mojawapo ya zile timu 10 za mwanzo, alitangaza kwamba asipopata uwanja mpya katikati ya jiji ataihamishia klabu Austin, Texas. Mashabiki wakasimama kidete. Wakaandamana, wakaahidi kununua tiketi za msimu, wakawabana wanasiasa. Jimbo na jiji wakafungua kesi kwa kutumia sheria ya 1996 inayomtaka mmiliki wa timu iliyonufaika na fedha za umma kuwapa kwanza watu wa mji nafasi ya kuinunua. Mwisho wa 2018 wanunuzi walikuwa wamepatikana. Crew ikabaki, ikatwaa kombe 2020 na tena 2023. Austin wakapewa timu yao wenyewe. Walioibakisha Columbus hawakuwa watazamaji wa Oktoba. Ni wale tunaowaona wamezidi, wenye ngoma na mabango, wanaokwenda uwanjani hata kwenye baridi ya Machi.

Nakubali. Ila tukumbuke silaha aliyoishika mmiliki yule ilikuwa nini: mahudhurio madogo na makampuni ya mji kutojitokeza. Viti alivyovionyesha ni vya mtu wa mara mojamoja, aliyekuwa nyumbani bila habari kwamba kuna mechi. Lialia waliiokoa klabu baada ya yule mwingine kutokuja. Ligi inayowategemea lialia peke yao inaishi kwa kuokolewa.

Sasa Messi, kwa sababu hakuna aliyeleta watu wengi wapya kama yeye. Alijiunga na Miami Julai 2023. Aprili 2024 timu ya Kansas City iliihamishia mechi yake na Miami kwenye uwanja mkubwa wa futiboli ya Kimarekani, wakaingia watu 72,610. Mwezi uliofuata Vancouver wakauza tiketi kwa mkao huohuo, kisha ikajulikana kwamba Messi, Luis Suárez na Sergio Busquets hawatasafiri. Klabu ikajaribu kupooza hasira kwa kukata nusu bei ya vyakula na vinywaji uwanjani. Watu zaidi ya 50,000 waliingia, wengi wakiwa wamelipia jina ambalo halikuwepo kwenye kikosi. Hiyo ndiyo hatari ya kumvuta mgeni kwa mtu mmoja: huyo mtu akiumia au akipumzishwa, mgeni hana cha kushika.

Wapo wengine wanaoivuta ligi hii kwa namna tulivu zaidi, na baadhi yao sisi wa lugha hii tunawafahamu. Victor Wanyama, nahodha wa zamani wa Harambee Stars, alicheza Montreal kuanzia 2020, na Wakenya wasiowahi kuuliza habari za ligi ya Amerika Kaskazini wakajikuta wanatafuta matokeo yake. Bernard Kamungo alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa wazazi Wakongo, akakulia Abilene, Texas, akaingia timu ya pili ya FC Dallas kupitia majaribio ya wazi, kisha akapanda. Agosti 2023 alifunga dhidi ya Miami ya Messi katika sare ya 4-4 iliyoishia kwenye penalti. Januari 2024 aliichezea timu ya taifa ya Marekani. Kwa familia za Kikongo zilizohamishiwa Texas, kijana huyu ni sababu tosha ya kutazama mechi hata kama msimamo wa ligi hawaujui.

Wangetazamia wapi? Hapa ndipo kosa lilipo. Kuanzia 2023 ligi ilikabidhi mechi zake kwa huduma ya mtandaoni ya kampuni ya Apple, mkataba wa miaka kumi wenye thamani isiyopungua dola milioni 250 kwa mwaka. Aliyetaka zote alilipa dola 14.99 kwa mwezi au 99 kwa msimu. Kwa lialia ulikuwa mpango mzuri: kila mechi mahali pamoja, popote ulipo, bila kufungiwa timu ya mji wako. Mwingine aliachwa nje. Ushabiki wa mpira huanza kwa bahati. Unapita kwenye kibanda umiza, unasikia kelele, unachungulia, unabaki. Hakuna anayelipia msimu mzima ili apate nafasi ya kuchungulia. Wakati huohuo runinga ya NBC ilikuwa inawaonyesha Wamarekani Ligi Kuu ya Uingereza asubuhi ya Jumamosi wakinywa kahawa, na ligi ya Mexico ikijaa kwenye chaneli za Kihispania. Ligi iliyopanga kila kitu kwa ajili ya mtu asiye na ahadi ilimdai ahadi kabla hajanogewa.

Novemba 2025 wakalegeza. Ilitangazwa kwamba kuanzia 2026 malipo yale ya pekee yanafutwa, mwenye Apple TV ya kawaida atatazama yote. Ni nafuu, ingawa bado ni kulipia. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba kuanzia 2027 msimu utaanza kiangazi na kuisha masika ya mwaka unaofuata, kama Ulaya. Wanaouza na kununua wachezaji wamefurahi, maana madirisha ya usajili yatalingana. Kwa shabiki wetu kuna faida moja kubwa: mtoano utahamia Mei, mbali na futiboli ya Kimarekani inayommeza Oktoba na Novemba. Ila mechi za mwanzo wa msimu, ambazo ndizo nyepesi, zitapangwa palepale futiboli ilipo, na nyingine huenda zikachezwa Minnesota na Toronto mwanzoni mwa Desemba. Lialia watakwenda na makoti yao. Yule mwingine sitamlaumu akingoja Mei.