Lango la magharibi la Seoul: wanaosema "subirini kwanza" wanasemwa vibaya bure

Seoul kuna kituo cha treni kinaitwa Seodaemun, maana yake Lango Kubwa la Magharibi, ila ukishuka pale lango lenyewe hulioni. Jina lake rasmi ni Donuimun. Lilibomolewa 1915 Wajapani wakiwa watawala, barabara ya tramu ilitaka kupanuliwa, na vifaa vyake vikapigwa mnada vikauzwa kwa won 205 hivi. Kati ya malango makubwa manne ya ukuta wa mji wa zamani ni hili tu halipo, ndo maana wazo la kulijenga upya halifi, mpango unatangazwa, unaahirishwa, unarudi tena.

Wanaotaka lijengwe siwabezi. Lango halikuanguka kwa uzee, liling'olewa na mkoloni, na kuliacha hivyo ni kama kumwachia yeye ndo awe wa mwisho kuamua sura ya mji. Halafu wana hoja nyingine kali zaidi, kwamba majengo ya mbao ya Korea siku zote yanafumuliwa na kujengwa tena, nguzo ikioza inabadilishwa, paa linashushwa linapandishwa, kwa hiyo kudai "asili" kama vile ni jiwe la piramidi ni kutoelewa ufundi wenyewe. Hapo wako sawa kabisa.

Ila upande wa pili ndo unaoonewa. Ukisema tusubiri unaambiwa huna uzalendo, au unatetea foleni ya magari. Kumbe swali lao ni rahisi sana: mnajenga lango lipi? La kwanza lilijengwa 1396, likafungwa 1413, likajengwa jipya sehemu nyingine 1422 enzi za mfalme Sejong (barabara ya pale mpaka leo inaitwa Saemunan, ndani ya lango jipya), 1711 likajengwa tena, na hilo ndo lililopigwa picha kabla ya kubomolewa. Sawa, tuseme tunataka la 1711. Tunalijua kwa picha za nje, nyeusi na nyeupe. Picha haikuonyeshi mbao zimeungwaje ndani ya paa, na rangi ndo kabisa.

Na kwenye rangi ndo nataka nikae kidogo, maana watu wanachukulia ni jambo dogo. Gwanghwamun, lango kuu la ikulu ya Gyeongbokgung, lilikuwa limejengwa kwa zege 1968, wakalivunja, wakalijenga upya kwa mbao likafunguliwa Agosti 2010. Kibao cha jina kikawekwa cheupe chenye maandishi meusi, kwa sababu ndivyo wataalamu walivyozisoma picha za zamani. Kwanza kikapasuka ndani ya miezi mitatu tu. Halafu ikaibuka picha ya karne ya 19 iliyotunzwa kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Marekani, ukiiangalia ubao ni mweusi kuliko herufi! Ikabidi watengeneze vibao vya majaribio vya rangi tofauti, wavipige picha kwa njia ya zamani ya vioo, waone kipi kinafanana. Baadaye ukapatikana mswada kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, shajara ya ujenzi wa ikulu, umeandika wazi: ubao mweusi, herufi za dhahabu. Kibao sahihi kimewekwa Oktoba 2023. Yaani miaka kumi na tatu watu wamepita chini ya kibao chenye rangi kinyume, wamepiga picha, watoto wa shule wamekichora, na hapo tunazungumzia ubao mmoja wa lango lenye picha nyingi na wataalamu wa kila aina. Sasa piga hesabu paa zima la Donuimun.

Kichekesho ni kwamba Donuimun mambo yamegeuka. Kibao chake kipo, kimetunzwa makumbusho ya ikulu, lango ndo halipo. Mtu kapotea, kimebaki kitambulisho.

Na usiniambie mafundi watajua tu. Sungnyemun, lango la kusini lililochomwa moto Februari 2008, lilikuwa na vipimo na michoro, tena sehemu kubwa ya jengo ilipona, na bado lilipofunguliwa Mei 2013 rangi zikaanza kubanduka kabla mwaka haujaisha. Tofautisha na ngome ya Hwaseong kule Suwon. Lango lake la Janganmun liliharibiwa na vita vya Korea likajengwa tena miaka ya 70, na UNESCO wakaiandikisha ngome hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia 1997, kwa sababu kuna kitabu cha 1801 chenye michoro, idadi ya vifaa, mpaka majina ya mafundi na mshahara wao. Wanaosema tusubiri hawakatai kujenga, wanaulizia kitabu kama hicho.

Hoja ya barabara nayo ipo, sikatai. Lango dogo la Hyehwamun lilijengwa upya miaka ya 90 likasogezwa pembeni kwa sababu pale pake pana barabara, na Gwanghuimun lilisogezwa miaka ya 70. Kwa hiyo hata ukipata umbo unaweza ukakosa mahali, na lango la ukuta bila mahali pake sijui tunaliitaje.

Mwaka 2019 ilitoka programu ya simu, unasimama makutano ya Jeongdong unaelekeza simu, Donuimun linatokea kwenye kioo. Wengi wanaiona danganya toto. Mimi naiona ndo kazi ya maana kuliko zote zilizofanyika pale, kwa sababu kesho ukipatikana mswada mwingine kwenye maktaba ya watu, rangi inabadilishwa jioni moja na hakuna nguzo inayokatwa.